Sindano ya Mahujaji

Kwetu Kamwokya hakuna mtu aliyewahi kufa kwa mafua. Watu hufa kwa presha, kwa sukari, kwa malaria, kwa bodaboda, na sababu zote hizo zikikosekana, hufa kwa jirani. Mafua ni kitu cha kufuta kwa ncha ya leso ukaendelea na mazungumzo yako. Kwa hiyo mama yangu alipolazwa hospitali akiwekewa hewa puani, kila mgeni aliniuliza anaumwa nini, na nilipojibu kwamba ni mafua yaliyoshuka kifuani, walinitazama kama mtu anayeficha aibu ya familia. Shangazi mmoja alinivuta pembeni akaniambia nimweleze ukweli, maana yeye si mtu wa maneno. Yeye ndiye mtu wa maneno kuliko wote ninaowajua.

Daktari aliyemruhusu kurudi nyumbani hakuwa na fumbo. Alisema kifua cha mama kimechoka, na mafua mengine ya namna ile yakimkuta hatamudu. Achomwe sindano ya kuzuia mafua kila mwaka, akasema, kama mtu anayeshauri kunywa maji mengi. Nilitoka pale nimeshika mkono wa mama na moyo wangu ni mwepesi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika mji ambao nusu ya watu wanaamini Kiswahili ni lugha ya askari na majambazi. Nimezoea kunadi bidhaa isiyotakiwa, nikadhani sindano moja haitanishinda.

Nilianzia kituo cha afya cha serikali, kwa kuwa nalipa kodi na hupenda kuona inakokwenda. Ukutani walikuwa wamechora watoto wanene wanaocheka. Muuguzi alinisikiliza kwa adabu, kisha akatazama nyuma yangu kama anatafuta mtoto.

"Hapa tunachanja batoto, nyabo," akasema, akiniita bibie kwa lugha ya hapa. "Jaja, bibi mzee, nachanjwa ya nini? Yeye amekwisha kuwa mkubwa."

Kwenye maduka ya dawa hali ilikuwa ileile, ila huko walijaribu kuniuzia vidonge vya vitamini. Mwishowe nilipata jibu Bugolobi, karibu na nyumba ninayopanga, katika kliniki ya watu binafsi yenye samaki wa rangi ndani ya tangi la kioo. Muuguzi wa pale alikuwa dada mkunjufu aliyevaa saa kubwa.

"Iko," akasema, "lakini hapana sasa. Tunaleta wakati ya batu ya Maka. Bao lazima banachomwa. Bakienda, inakwisha."

Akanieleza, wala sikuweza kubishana naye. Mahujaji hutakiwa kuchanjwa kabla ya safari, kwa hiyo dawa ikiletwa kwa ajili yao hununuliwa yote. Wazee wengine hawaiulizii, na isipoulizwa huharibika ndani ya friji. Hawaiulizii kwa sababu haipo, na haipo kwa sababu hawaiulizii. Nilitaja neno bei. Aliponijibu nilimwomba arudie, ingawa nilikuwa nimesikia vizuri kabisa.

Nikawapigia simu kaka zangu. Hawa ni watu wema. Mama alipolazwa walichanga bila kusukumwa, na mmoja aliuza mbuzi.

"Kwani anaumwa tena?" akauliza mkubwa.

"Haumwi."

"Sasa sindano ya nini?"

Nikaeleza tena, taratibu, kwa sauti yangu ya darasani. Akasema akianza kuumwa nimwambie mara moja, hata usiku. Hapo ndipo nilipojua utaratibu wetu ulivyo. Hela huchangwa mtu akiwa amelala. Mzee anayetembea kwa miguu yake hachangiwi na mtu, na akiomba ataulizwa amekula nini kilichompandisha kichwa. Basi nikaamua kulipa mwenyewe, nikinung'unika, maana kunung'unika ni bure.

Nilichosahau ni kumuuliza mwenye mkono.

Mama yangu ni Mnubi, mjukuu wa wale askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudani wakasahauliwa hapa. Aliolewa na askari pia, akazaa kambini, na Kiswahili chake ni kile cha paredi. Alikuwa amekaa barazani akisuka kawa la kufunikia chakula, kazi ya mikono ambayo wanawake wetu huifanya huku wakihukumu mtaa mzima. Nilipomwambia kwamba tutakwenda siku ya mahujaji, mikono ikasimama.

"Mimi hapana taka," akasema.

"Mama, daktari amesema."

"Sindano ya Makka mimi nachomwa, halafu nakwenda wapi? Sokoni? Mungu hapana mtoto wa kudanganya."

Msikitini kwao, waliowahi kuchomwa sindano ile ni wale walioondoka na ndege tu. Hurudi na maji ya zamzamu, tende, na simulizi ya jinsi mkono ulivyovimba. Kwa mama, kuchomwa bila safari kulikuwa sawa na kuvaa nguo ya Hija kwenda kununua vitunguu. Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo hakulisema na mimi nililijua. Maisha yake yote alitaka kwenda Makka. Aliweka akiba ya makawa, ya sambusa, ya kila kitu kinachouzika, na kila alipokaribia, mmoja wetu alifaulu mtihani akahitaji karo. Tulikuwa watoto wenye akili sana. Tulimmalizia Makka yake yote, na mimi nilikula sehemu kubwa kuliko wenzangu. Nililijua hilo nikiwa nimesimama mbele yake, na liliniuma.

Lakini nina hasira za karibu, na badala ya kumwambia hivyo nilipandisha sauti. Nikamwambia kwamba marehemu baba angekuwa hai angemwamuru, na asingerudia.

Mama akatafuta viatu vyake, ingawa siku yenyewe ilikuwa bado. "Baba yenu juu ya Mungu hakuwa na amri," akasema. "Juu ya sindano, alikuwa nayo."

Siku ya siku, kliniki ilijaa watu waliovaa nyeupe. Kiongozi wa msafara, bwana mwenye sauti ya kuuza ng'ombe, alikuwa akipanga mstari na kurudia maelezo ya pasipoti. Alipomwona mama alimshika bega akamtia katikati kabla sijafungua mdomo. Zamu yake ilipofika, mbele yetu akageuka mwanamke wa msikitini kwa mama, mtu anayejua nani kapika nini. Alimtazama mama, akaitazama sindano iliyokuwa ikielekea mkononi, akamkumbatia huku machozi yanamtoka.

"Umetuficha! Kumbe na wewe umeitwa!"

Mama akafungua mdomo amweleze, na hapohapo akachomwa. Kilichomtoka kilikuwa "Allah!" tu, na yule mwanamke akalia zaidi.

Tulirudi Kamwokya tukapokelewa langoni. Habari ilikuwa imefika kabla yetu, haikuwa na foleni ya kupitia. Kwa watu wetu, anayekwenda Hija huomba radhi kwa aliowakosea, na waliomkosea nao huja kumwomba yeye, maana hakuna anayetaka kushtakiwa mbele ya Kaaba kwa jina lake kamili. Jioni ile baraza lilijaa. Muuza makaa alikiri kwamba magunia aliyomuuzia mama yalikuwa na majani chini. Mpangaji wa nyuma alikiri habari ya kuku, ambaye sisi tulidhani aliliwa na mbwa. Jirani yetu Mkongo, mama wa Bukavu anayeuza samaki wakavu na kusali kwa walokole, alipiga magoti kabisa.

"Mama, mi niko Mukristo, lakini Mungu iko mumoja," akasema. "Uniletee mayi ya kule. Kachupa kadogo tu, kwa sababu ya magoti yangu."

Mama alimwambia kila mmoja ukweli. "Mimi siendi. Nimechomwa ya mafua tu, nisife." Wakatikisa vichwa kwa heshima. Mcha Mungu wa kweli hatangazi safari, wakasema, na kadiri alivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kumwona mtakatifu. Mimi nilikaa kwenye ngazi nikicheka hadi mbavu zikaniuma, na mama akinitazama kwa jicho la kambini.

Kisha akaja mama mdogo, na nikaacha kucheka.

Mama mdogo alikuwa mke wa pili wa baba. Baba alijenga nyumba mbili zinazotazamana katika kiwanja kimoja, na bomba moja la maji katikati, kwa imani ya kiaskari kwamba watu wakipangwa vizuri watapatana. Kweli walipatana, hadi alipokufa. Siku ya matanga waligombania koti lake la jeshi, zito, lenye vifungo vya shaba. Kila mmoja alisema aliachiwa yeye. Mama mdogo akalichukua. Toka hapo, miaka yote hiyo, waliteka maji bomba moja bila salamu, na ujumbe muhimu ulipitia kwa watoto au kwa kumsema kuku kwa sauti kubwa.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya baraza, amelikumbatia koti.

"Wanasema kwenye ndege kuna baridi," akasema. "Chukua. Na nisamehe, dada, kwa yote."

Mama alilipokea. Hakusema kwamba haendi. Alimwambia kila mtu, hata muuza makaa, lakini huyu hakumwambia. Akasogea, akapiga mkono kwenye mkeka, wakakaa wakinywa chai ya tangawizi na kuzungumza Kinubi, lugha ambayo sikuwa nimeisikia ikivuka kiwanja kile tangu tumzike baba. Kugombana waligombana kwa Kiswahili, lugha ya amri za baba.

Siku zilizofuata zilikuwa za ajabu. Walikaa pamoja wakisuka kawa moja, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Nilipokwenda kuwatembelea niliwakuta wanacheka kitu wasichotaka kuniambia. Lakini mama mdogo alikuwa akikohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu cha zamani, na kila kilipoanza, mama alitua ukindu akasubiri kiishe. Niliona anavyomtazama. Alikuwa anakijua kifua cha namna hiyo, kwa kuwa alikuwa nacho.

Alasiri moja mbele yangu akasema, "Hii sindano hapana ya Hija. Ni ya mafua. Wewe pia kwenda. Huyu binti atalipa."

Mimi binti nilikohoa kidogo, lakini hakuna aliyenijali.

"Ya mafua?" mama mdogo akauliza. "Na Makka?"

"Makka siendi."

"Huendi mwaka huu."

"Siendi. Sina pasi, sina tiketi. Nilichomwa tu."

Mama mdogo aliweka chini upande wake wa kawa. Alikuwa mwanamke wa mwili mkubwa, na kusimama kwake kulichukua muda, na muda wote huo hatukujua itakuwaje.

"Kwa hiyo mimi nimepiga magoti kwa mtu anayekwenda Bugolobi."

"Hukupiga magoti," mama akasema. "Ulisimama."

"Nirudishie koti langu. Na msamaha wangu pia, nirudishie."

Koti lilirudishwa. Msamaha sijui ulirudishwaje, ila kesho yake bombani hapakuwa na salamu. Mama angenyamaza angebaki na mwenzake hadi mahujaji waondoke, labda na zaidi, maana watu husahau. Alisema kweli ili yule mwingine achomwe, na kweli ikamnyima vyote viwili, mwenzake na sindano ya mwenzake. Niliudhika kwa niaba yake, nikapiga simu kliniki angalau niulize. Dada mwenye saa kubwa alisikitika sana. "Bambi, imekwisha. Batu ya Maka bamemaliza yote."

Mahujaji walipoondoka na mama akaonekana bombani na ndoo yake, mtaa ulipitia aibu fupi. Muuza makaa alikuwa wa kwanza kurudia tabia yake, magunia yakarudi kuwa na majani. Wengine wakageuza jambo kuwa utani. Wakamwita Hajati wa Bugolobi. Watoto wa madrasa walimwita hivyo, Mkongo alimwita hivyo huku akiuliza kachupa kake kako wapi, na mama alisonya akapita.

Mvua za mwishoni mwa mwaka zilikuja na mafua yake. Yalipita Kamwokya nyumba kwa nyumba kama mtu wa kukusanya ada ya taka. Mama alipiga chafya siku chache, akanywa supu, akainuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hewa ya puani na kwa kaka kuuza mbuzi mwingine, nikamkuta anafua. Furaha yangu ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilimgombeza kwa kufua kwenye baridi.

Ng'ambo ya bomba, mlango wa mama mdogo ulikuwa haufunguliwi. Watoto wake wawili si wabaya kuliko kaka zangu. Mmoja yuko Arabuni analinda duka la watu, mwingine anaendesha bodaboda. Nilimuuliza huyu wa bodaboda. "Ni mafua tu," akasema. "Anakunywa malimau." Wapangaji nao walikuwa hoi kwa chafya, kila mtu ndani kwake.

Mama akapika uji wa mtama, akaufunika kwa lile kawa lililoachwa nusu, akavuka kiwanja. Nilimshika mkono nikamwambia asiende, ataleta ugonjwa.

"Mimi nimechomwa," akasema, kwa majivuno ambayo sijawahi kuyasikia kwa hajati yeyote wa kweli. Akagonga kwa mguu.

Alikaa humo siku nzima, na iliyofuata, na nyingine. Nilipoingia nilimkuta mama mdogo ameegemea mito, amefunikwa koti la baba, midomo imepauka, na kila pumzi ni kazi. Nikampigia mtoto wake, nikawapigia kaka zangu. Sasa alikuwa amelala, kwa hiyo hela ilianza kuchangwa, na ilichangwa vizuri. Gari likaagizwa. Tulipokuwa tukilisubiri, mama mdogo alifungua macho akatafuta uso wa mama.

"Hajati wa Bugolobi," akasema. "Niombee."

"Mimi sikwenda," mama akasema. Alikuwa analia. "Nilikwambia sikwenda popote."

"Najua. Niombee hivyohivyo."

Mama akamwombea palepale, kwa sauti, mikono juu ya vifungo vya koti. Gari lilipofika tulimpakia, na hospitali walifanya walichoweza kumfanyia mtu aliyechelewa. Alifariki kabla ya Ijumaa.

Matanga yalikuwa ya heshima. Palikuwa na hema la bluu na jeupe, viti vya kukodi, vipaza sauti, na masufuria ya pilau yaliyohitaji wanaume wawili kuyainua. Kila mtu alichangia. Nilikaa pale nikitafuna pilau, nikawaza kwamba hema peke yake lingechanja wazee wote wa upande wetu wa mtaa, na vipaza sauti vingebaki kwa wa upande wa pili. Msibani hakuna anayetaka hesabu. Mwanamke mmoja karibu nami alimuuliza mwenziwe marehemu aliugua nini.

"Mafua tu," akajibiwa.

"Haiwezekani," akasema. "Kuna kitu wanaficha."

Mama, aliyekuwa miongoni mwa waliomwosha, alikaa eda ya moyo wake mwenyewe. Hakusuka hadi mwaka mpya. Waliomwita Hajati wa Bugolobi aliwaitikia. Mtoto wa bodaboda alimletea koti bila kuambiwa na mtu, limekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, na mama akalipokea.

Msimu wa mahujaji uliporudi nilikwenda kumchukua nikiwa na hotuba yangu tayari, pamoja na amri za marehemu baba. Sikuihitaji. Nilimkuta langoni. Alikuwa amevaa nyeupe, na juu yake koti la jeshi, jua linawaka. Mpangaji wa nyuma aliniambia kwamba tangu asubuhi mama alikuwa amezunguka mlango kwa mlango akiomba radhi, na muuza makaa alikuwa amejificha.

Kliniki mambo yalikuwa yaleyale, mstari, kiongozi wa msafara, samaki ndani ya tangi. Dada mwenye saa kubwa alimkumbuka mama akamvuta kiti.

"Jaja, karibu. Leo muko bangapi?"

"Wawili," mama akasema.

Nilimtazama. Mimi nilikuwa mlinzi wa mkoba tu. Muuguzi akachukua sindano mbili, akaangalia nyuma yetu kumtafuta mgonjwa wa pili, na mama naye akageuka akaangalia palepale.

"Hapana," akasema. "Mmoja." Akaanza kufungua vifungo vya koti.